Siku Kumi na Moja Bila Tulizo

Daktari Tusajigwe Kalinga alipoiona ile namba mara ya kwanza, alidhani mashine imekosea. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mvua ya Tukuyu ikinyesha bila haraka kama kawaida yake, na yeye alikuwa ameketi mbele ya skrini katika Kituo cha Ngozi akipitia hesabu za wagonjwa wake arobaini na mmoja. Kila mgonjwa alivaa bangili iliyomdonoa tone la damu alfajiri, ikalisoma, ikatuma majibu kituoni kabla mwenyewe hajapiga mswaki. Kwa miezi mingi sasa majibu yalikuwa na sura moja. Sabini na mbili. Hamsini na tano. Tisini, ambayo mwaka jana ilikuwa mia mbili. Aliyasoma kama mtu anayesoma orodha ya waliofeli, upesi upesi, ili yaishe.

Mstari wa ishirini na tisa ulisema mia sita na kumi na mbili.

"Anyosisye," alimwita muuguzi wake. "Hii irudie."

"Nimeirudia mara tatu, Daktari. Hata mimi nilidhani mashine imeingiwa na wazimu. Nikampelekea bangili nyingine kwa kindege cha dawa kisicho na rubani. Ikaleta mia sita na tisa."

Waliokuwa wakihesabiwa ni wapatanishi. Hilo ndilo jina ambalo wagonjwa wenyewe waliwapa, na madaktari wakalichukua kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko lao. Katika ugonjwa wa pemfigasi, kinga ya mwili hugeuka ikaishambulia gundi inayoshikanisha seli za ngozi. Gundi ikiachia, ngozi hutoa malengelenge, malengelenge hupasuka, na mtu hubaki na vidonda vibichi mdomoni, kifuani na mgongoni, kama aliyemwagiwa maji ya moto. Zamani waliutibu kwa kuilaza kinga yote, na wapo waliopona ngozi wakafa kwa nimonia. Kisha likaja wazo jingine: kuchukua damu ya mgonjwa, kuchambua ndani yake zile seli chache ambazo kazi yake ni kutuliza, kuzifundisha maabara kuitambua gundi, na kuzirudisha mwilini. Wapatanishi hao huenda moja kwa moja mpaka ugomvi ulipo, wakauzima hapo hapo, na kinga nyingine wakaiacha ifanye kazi zake.

Shida ilikuwa moja. Baada ya miaka miwili mitatu walipungua. Kila mgonjwa alimeza kidonge cha tulizo kila siku, kwa maisha yake yote, ili kuwapunguzia wapatanishi mzigo, na bado walipungua. Wakishuka chini ya arobaini kwa tone, malengelenge yalirudi. Kwa nini walipungua, hakuna aliyejua.

"Ni nani huyu?"

"Ambwene Kasyupa," Anyosisye alisoma. "Miaka hamsini na minane. Alitibiwa miaka sita iliyopita. Kazi yake mwonja chai."

Tusajigwe aliegemea kiti. Kuna kitu kiliamka kifuani mwake ambacho hakikuwa kimeamka kwa muda mrefu. Kilikuwa kile kile kilichomfanya, alipokuwa darasa la pili, apasue mayai ya kuku wa mama yake, moja kila siku, ili aone kifaranga kinavyoanza. Alipigwa sana kwa kosa lile, na hakulijutia hata kidogo.

*

Mchana wa siku hiyo hiyo alikuja Lugano Mwalyego, kwa miguu, bila miadi. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya kufika dawati la mwisho. Siku hiyo alizungumza kama mtu aliyeficha pipi shavuni.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu fungua mdomo."

Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, chekundu, kingo zake nyeupe. Tusajigwe hakuhitaji kuitazama bangili, lakini aliitazama. Thelathini na nane.

"Nilidhani nimejing'ata," Lugano alisema. "Nimejidanganya hivyo siku mbili."

Wote wawili waliijua orodha ya mambo yaliyobaki, na ilikuwa fupi. Mara mbili maabara ilijaribu kuotesha wapatanishi wapya kutoka damu ya Lugano, na mara zote mbili seli zilikataa kukua. Kulikuwa na steroidi nzito za zamani. Lugano alizimeza kwa miaka miwili kabla hajaletwa kituoni, na siku moja, akiwa na miaka ishirini na sita, alikanyaga vibaya ngazi ya darasa na mfupa wa nyonga ukavunjika kama kijiti cha chaki. Mpaka leo alitembea akiegemea upande.

"Nina muda gani?"

"Wiki tano. Labda sita, kabla hakijasambaa."

"Mitihani ya kidato cha nne iko wiki ya tisa," Lugano alisema, kana kwamba ugonjwa ungeweza kusogezwa mbele kidogo.

Tusajigwe alimpa dawa ya kusukutua. Juu ya ile mia sita na kumi na mbili hakumwambia neno. Lakini Lugano alipotoka tu, alivaa koti la mvua akapanda kwenda kiwandani.

*

Siku hizo mashine ndizo zilizochuma chai, zikainyausha, zikaikausha. Kuonja peke yake kulibaki kwa watu, maana mashine ya kuonjea iliweza kutaja kila kilichomo ndani ya kikombe isipokuwa kama kinafaa kunywewa. Ambwene Kasyupa alikuwa chumba cha juu, amevaa aproni nyeupe, mbele yake bakuli thelathini zimepangwa mstari mmoja. Alichota kijiko, akakivuta mdomoni kwa kelele kama kitambaa kinachochanwa, akafumba macho, kisha akatema kwenye ndoo ya magurudumu aliyokuwa akiisukuma kwa goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Daktari mwenyewe? Basi nimekufa na sijaambiwa."

"Hujafa. Una afya kuliko wagonjwa wangu wote. Nimekuja kukuuliza sababu."

"Nashukuru Mungu," Ambwene alisema, akasogelea bakuli iliyofuata. "Na hii ngozi ya ukoo wetu ni ngumu tangu zamani."

Tusajigwe alimtazama akionja bakuli nne, na kila moja akiitolea neno: hii imelala, hii kali kwa mbele lakini haina nyuma, hii ilikaa sana kwenye mashine. Ndipo swali likamjia, dogo, karibu la kipuuzi.

"Mzee, wagonjwa wangu wote wananilalamikia jambo moja. Wanasema tulizo linakifanya chakula kiwe na ladha ya msumari. Wewe unaonjaje?"

Kijiko kilisimama hewani. Ambwene alikiweka chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaufunga mlango.

"Nikikwambia utanivua bangili?"

"Sijui. Niambie kwanza."

Akamwambia. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianguka na majani mapya yakitoka, ile chai ambayo wanunuzi wa mbali huingoja mwaka mzima, Ambwene aliacha kumeza tulizo. Aliacha mwezi mmoja, mpaka majani yale yaishe. Mwaka wa kwanza alitoka malengelenge mdomoni, akanywa uji kwa mrija siku kumi na moja. Mara mbili alitaka kurudia kidonge, mara mbili akakiweka chini. Kisha vidonda vikakauka vyenyewe. Mwaka wa pili vilikuwa vitano. Mwaka jana kilitoka kimoja, akadhani ni mwiba wa samaki.

"Sharti la kituo nalijua," alisema. "Anayeruka kidonge anaondolewa. Ndiyo maana nilinyamaza."

"Kwa hiyo ulijitia ugonjwa kwa makusudi."

"Hapana, mwanangu. Nilionja kwa makusudi. Kuugua kulikuja nako."

Tusajigwe aliketi juu ya kreti la chai. Miaka yote hiyo walidhani wapatanishi wanachoshwa na kazi, na kumbe huenda walikuwa wakifa kwa kukosa kazi. Tulizo liliwalaza washambuliaji vizuri mno. Wapatanishi walizunguka mwilini mwezi baada ya mwezi bila kukutana na ugomvi wowote, na mwili, ambao haulishi mtu asiye na shughuli, ukawaacha wafe. Ndani ya Ambwene peke yake ndimo walimoamshwa kila mwaka, wakapigana, wakazaana.

Huenda. Mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha kitu. Angeweza kuwa na damu ya ajabu tu.

"Nitalazimika kuandika jina lako," alisema mwishowe.

"Liandike. Lakini andika na sababu, wasije wakadhani nilisahau."

*

Jibu la kamati ya maadili ya utafiti lilichukua wiki mbili. Ambwene alipewa karipio la maandishi, ambalo alilibandika ukutani katika chumba cha kuonjea, na akaachiwa bangili yake. Kuhusu jambo lenyewe, kamati iliruhusu jaribio moja, kwa mgonjwa mmoja, ambaye tayari wapatanishi wake walikuwa wakiisha. Aachishwe tulizo akiwa wodini. Masharti yalikuwa mengi, lakini lililomkaa Tusajigwe kichwani lilikuwa na maneno matatu: hiari isiyo shaka.

Lugano alikuwa na thelathini na tatu siku aliyoitwa. Vidonda mdomoni vilikuwa vitatu. Tusajigwe alimweleza yote kwa nusu saa: malengelenge yatakuja, wapatanishi wachache waliobaki wanaweza kuzidiwa, na wakizidiwa, ngozi iliyo wazi huingiza vijidudu, na watu wamekufa kwa hilo; au wanaweza kuamka na kuongezeka.

"Ukisema niache, naacha," Lugano alisema.

"Sijasema uache. Nakuuliza."

"Daktari, wewe ndiye uliyenirudishia ngozi. Nitakukatalia nini?"

Akachukua kalamu. Tusajigwe alimtazama akiitafuta sehemu ya kutia sahihi, na mkono wake mwenyewe ukaenda ukaifunika karatasi kabla hajajua anafanya nini.

Kilichomshtua hakikuwa maneno ya Lugano. Ni kwamba alijisikia mwenyewe, kwa kuchelewa, jinsi alivyoeleza. Hatari alikuwa ameziweka mwanzoni, akazipita upesi. Matumaini aliyaweka mwisho, akayasema taratibu, na sauti yake ilipanda. Hakuwa amedanganya hata neno moja. Lakini mtu aliyesikiliza maelezo yale angetoka na jibu moja tu.

"Sahihi yako siipokei leo," alisema. "Wala kesho. Nenda ukamwone mzee Kasyupa kiwandani. Nimemwomba akuonyeshe picha za mdomo wake na akueleze kila kitu, nami sitakuwepo. Rudi baada ya siku tatu. Na kuna jambo moja sikukwambia."

"Lipi?"

"Nataka kujua kama ni kweli. Si kwa ajili yako tu, wala kwa ajili ya wale arobaini wengine. Nataka kujua tu, kama mtu mwenye njaa anavyotaka kula. Kwa hiyo unapoamua, ujue anayekuomba ana njaa."

Lugano alimkazia macho muda mrefu, kama anavyomkazia mwanafunzi aliyetoa jibu ambalo halimo kitabuni. Kisha akachukua mwavuli wake akaenda.

Siku tatu zile Tusajigwe hakulala vizuri. Alifungua jalada la Lugano, akalifunga. Alijiambia kwamba Lugano akikataa atamwandikia steroidi bila kukunja uso, akajaribu mbele ya kioo, na uso ukakunjamana.

Lugano alirudi siku ya nne asubuhi.

"Yule mzee ni mtu wa ajabu," alisema. "Alinionyesha picha, nikatapika. Nikamuuliza, isingekuwa chai ungefanya? Akasema hapana, hata siku moja. Nikamwambia asante, maana wote mnaniambia jasiri, jasiri. Yeye alisema angekataa." Aliketi. "Nitafanya. Mwezi wangu wa mwisho wa kuongea vizuri niliutumia kufundisha mabonde ya ufa. Nataka mwezi mwingine. Lakini nina masharti."

"Yaseme."

"Mimi ndiye nitakayesema basi. Nikisema, mnanipa tulizo dakika hiyo hiyo. Asiniulize mtu kwa nini, wala asiniombe saa moja zaidi."

"Sawa."

"Na hesabu ya wapatanishi sitaki kuisikia. Ikipanda, nitavumilia kuliko ninavyoweza. Ikishuka, nitaogopa kabla ya wakati. Ibaki kwako."

Tusajigwe alikaa na sharti hilo kidogo. Ilikuwa haki ya Lugano kujua, na kwa hiyo ilikuwa haki yake kutojua. Lakini lilimwacha yeye peke yake na ile namba.

"Sawa," alisema tena, na safari hii hakuuzuia mkono wa mwenzake kutia sahihi.

*

Walianza Jumatatu. Lugano alilazwa chumba cha pembeni, chenye kitanda cha kuelea ambacho hewa yake ilibeba mwili bila shuka kugusa mgongo. Kila asubuhi kioo kilichoning'inia juu ya kitanda kilimpiga picha ngozi yote na kupima eneo la vidonda.

Siku tatu za kwanza hakikutokea kitu. Lugano alisahihisha madaftari na kumfundisha Anyosisye kusoma ramani za mwinuko. Siku ya nne malengelenge mawili yalitoka kifuani, laini, yamejaa maji safi kama matone ya mvua kwenye jani la mgomba. Siku ya sita yalikuwa mdomoni, kooni na chini ya mikono. Lugano aliacha kuongea, akaanza kuandika kwenye kibao.

Namba ilishuka. Thelathini na tatu, ishirini na tisa, ishirini na nne. Siku ya nane, Jumatatu ya pili, ilikuwa ishirini na mbili. Anyosisye aliisoma skrini, akaizima, akasimama akitazama ukuta.

"Daktari, mimi ningemwomba aseme basi."

"Na mimi," Tusajigwe alisema. "Lakini tuliahidi kutomwomba kitu. Hata hilo."

Aliingia chumbani akamkuta Lugano amefumba macho, machozi yakimtoka pembeni bila sauti, kwa kuwa kulia kwenyewe kulipasua midomo. Alikaa naye. Alimgusisha pamba yenye maji ulimini, mara mia, siku nzima.

Jumanne namba ilikuwa ishirini na sita.

Inaweza kuwa bahati tu, alijiambia. Jumatano ilikuwa thelathini na tano, na hapo Tusajigwe aliinuka kitini akazunguka meza ya maabara mara tatu. Walikuwa wakiamka. Siku mbili zaidi, tatu, wakifika mia mbili, hakuna mtu duniani ambaye angebisha. Lakini kioo kilisema vidonda vilikuwa vimepanda kutoka sehemu tisa kwa mia ya mwili hadi kumi na moja.

Alhamisi, siku ya kumi na moja, namba ilikuwa arobaini na moja. Tusajigwe alikuwa bado ameishika karatasi aliposikia kengele ya chumba cha pembeni. Lugano alikuwa ameinua kibao. Kiliandikwa neno moja.

*Basi.*

Kabati la dawa lilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani. Katikati ya safari ile Tusajigwe alisimama. Angeweza kumwambia: wanapanda, Mwalimu, wanapanda. Maneno matatu yangetosha, na angevumilia. Au asingesema kitu kabisa. Angeweza kutafuta ufunguo polepole, kupima dozi mara mbili, kupokea simu. Tulizo linafanya kazi ndani ya saa chache. Hata nusu siku ingesogeza ile namba. Hakuna ambaye angejua.

Alihesabu hatua zilizobaki. Tisa. Akazimaliza akikimbia.

Alimwekea tulizo la maji shavuni, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Hakumuuliza kwa nini. Lugano alimeza, uso ukimkunjamana kwa maumivu, akalala.

*

Baada ya siku tisa ngozi ya kifua ilikuwa imefunga, nyembamba na ya waridi, na Lugano aliweza kunywa mtori. Namba ilikuwa themanini na nane.

"Sasa nataka kuijua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti.

Tusajigwe alimweleza siku kwa siku. Hakuficha kitu.

"Themanini na nane ni nzuri," Lugano alisema.

"Ni nzuri kwako. Steroidi hutazihitaji mwaka huu. Lakini hatuwezi kujua ni nini kilichokuokoa. Huenda wapatanishi walikuwa wameshashinda. Huenda walikuwa wanazidiwa, tulizo likawaokoa wakiwa mlangoni, wakaongezeka baadaye kwa kupata nafasi. Eneo la vidonda lilikuwa bado linapanuka mpaka asubuhi ile. Tungekwenda siku mbili zaidi, tungejua."

Alipomaliza kusema alitamani kuyarudisha maneno. Ndiyo hasa aliyoahidi kutoyasema, na kuyasema baada ya mambo kwisha hakukuyafanya kuwa mepesi.

"Nisamehe, Mwalimu."

Lugano hakuonekana kukasirika. Alivuta mto, akatoa daftari la mistari, akalifungua katikati.

Ilikuwa ramani. Mwili wa mtu, mbele na nyuma, umechorwa kwa penseli na mkono uliozoea kuchora mabara. Na kwenye ukurasa wa pili mdomo peke yake, umefunguka kama ghuba. Juu yake vilijaa vijiduara, kila kimoja na namba yake, na pembeni siku na saa. Vya mdomoni, ambavyo kioo hakikuweza kuviona, alikuwa amevipima kwa ulimi.

"Kioo chenu kinapima eneo," alisema. "Kidonda cha zamani kikichubuka ukingoni, eneo linaongezeka. Lakini hilo si lengelenge jipya, ni kuta za lile la juzi zinaanguka. Mto ukimomonyoa kingo zake haina maana kuna mvua mpya. Mimi nilikuwa nahesabu mapya tu." Aliweka kidole. "Soma."

Tusajigwe aliinama. Jumapili, mapya tisa. Jumatatu, kumi na moja. Jumanne, matatu, na la tatu, namba hamsini na saba, lilikuwa nyuma ya jino la mwisho upande wa kulia, saa tisa alasiri.

Jumatano palikuwa na mstari mmoja wa penseli, mtupu. Alhamisi asubuhi vilevile.

Alisoma tena kuanzia juu. Karibu siku mbili kamili bila lengelenge jipya, mwili haujaonja tulizo, na namba ikipanda. Wapatanishi walikuwa wameumaliza ugomvi wakiwa peke yao.

"Ulijua," alisema. "Ile Alhamisi ulijua tayari."

"Nilijua. Lakini vya zamani viliuma, Daktari. Kushinda hakukuondoa maumivu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenitazama."

"Ningekutazama vipi?"

"Kama unavyonitazama sasa."

Tusajigwe aliinua uso kutoka kwenye daftari. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, amelisogeza karibu na kifua, na tayari kichwani alikuwa amegawa wale arobaini katika makundi, nani aanze, nani angoje. Akaona aibu, na furaha yake haikupungua kwa aibu ile.

"Naomba nilinakili," alisema.

"Kesho. Usiku wa leo nataka nilimalizie, kuna vipimo sikuandika. Na utakapokwenda kuwaomba wengine wafanye hivi," Lugano aliongeza, "usiende peke yako. Nitakuja nawe. Wataniuliza kama nilijuta, nami sijajua bado nitawajibu nini."

Tusajigwe alilitazama daftari mara moja tena. Kisha akaliweka juu ya kitanda, karibu na mkono wa mwenyewe, akatoka nje akiiwaza namba hamsini na saba, ile ya mwisho.